Pampu Kwenye Kiti Chako

Nyumbani kwa Mama,
Nyumba ya Kona, Ghorofa ya Pili.
Alhamisi, tarehe 2 Julai.

Mpendwa mdogo wangu Spana,

Hujambo huko uliko? Sisi hapa hatujambo, ingawa neno hilo leo nimeliandika kwa kujikaza. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na yule mwenzako wa chumba amepunguza kukoroma. Je, zile soksi tulizokutumia mwezi wa tatu zilikufaa? Mama alishikilia kwamba miguu yako bado inakua. Nikamwambia mtu wa miaka thelathini na sita haongezeki miguu, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

Juu ya bahasha nimeandika kwa wino mwekundu kwamba ifunguliwe kabla ndege haijaondoka. Nakujua wewe. Unaweza ukaitia mfukoni uisome keshokutwa ukiwa umejilaza, umevua buti. Safari hii usifanye hivyo. Rubani ameniambia ndege hukaa hapo kituoni kwenu kwa muda wa saa mbili na nusu wakati inajazwa mafuta, na kuisoma barua hii, hata kwa mwendo wako, ni robo saa. Kwa hiyo kaa chini, soma yote, usiruke mistari. Ila kabla hujakaa, kama wameanza kuipakia ile pampu, waambie wangoje kwanza.

Nina mambo mawili ya kukuambia na yote mawili yananikera. Moja nimelifanya mimi. La pili nimelificha mimi. Nimezunguka meza hii ya Mama tangu asubuhi nikitafuta pa kuanzia, nimepiga pasi hata mataulo.

Ngoja kwanza nimalize salamu. Mjomba anakusalimu. Bado ananipigia simu kila Ijumaa kuuliza kama Jumamosi aoshe zulia au aache. Nimemweleza mara mia kwamba mimi kazi yangu ni barafu ya bahari ya ncha ya dunia na majira ya miezi ijayo, si jua la kesho asubuhi. Ananisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha ananiuliza, "Sasa, mama, nioshe au nisioshe?" Namjibu huenda, anakata simu. Ni yeye aliyeanza kuniita Bi Huenda, nawe ukalidaka jina hilo ukalitangaza ukoo mzima. Sijakusamehe.

Shangazi naye mzima. Ameacha kazi ya ushonaji kwa sababu ya macho, lakini kila siku anakwenda dukani kumkosoa aliyechukua nafasi yake.

Sasa nije kwenye kazi yangu, na uvumilie, maana siku zote unasema huielewi na siku zote unaitikia kichwa tu ili nimalize. Kila mwezi tunachukua vipimo vya ile barafu: imeenea mpaka wapi, ina unene gani, maji ya chini yake yana joto kiasi gani. Setilaiti zinatuonyesha upana wake vizuri sana. Unene ni wa kubahatisha. Vipimo hivyo tunaipa kompyuta, nayo inapiga hesabu kwenda mbele miezi mitatu, minne, mpaka ituambie barafu itakuwa wapi siku fulani. Haipigi mara moja. Inapiga mara hamsini, na kila mara tunabadilisha kidogo pale pa kuanzia, kwa sababu kusema kweli pa kuanzia penyewe hatupajui sawasawa. Mwishoni tunahesabu. Zikiwa thelathini zinasema njia ya meli itafunguka na ishirini zinakataa, basi ndivyo tunavyoandika, thelathini kati ya hamsini, na msomaji ajipime mwenyewe.

Wenzetu wa chumba cha mbele wanazitumia hesabu hizo hizo kukisia mvua na ukame wa nchi za mbali kabisa na barafu. Watu wengi hawaamini kwamba maji yakiganda huko kwenu, majira ya huku yanaweza kuyumba. Wewe angalau unaamini, maana unaiona hiyo barafu dirishani. Wenzetu hao lakini wanachukua faili bichi, kabla sisi hatujaligusa, na katika balaa lote hili ndicho kitu pekee nilichoshukuru.

Kompyuta yetu ina tabia moja tunayoijua fika: inatia chumvi. Barafu ya mita moja inaikuza na kuiongezea karibu theluthi. Tumeijaribu kwa miaka ishirini iliyokwisha kupita, ambayo majibu yake tunayo, na kila mwaka inatia chumvi ile ile. Sababu tumeitafuta mpaka tumechoka. Kwa hiyo kabla ya kutoa taarifa tunaukata ule unene wa ziada, na ofisini tunaita kupunguza chumvi. Ni kazi ya dakika tano, mara moja kwa mwezi, na ni kazi yangu. Nikishamaliza nilikuwa naweka alama ya vema kwa chaki kwenye ubao ulio karibu na mlango, ili anayechora ramani ajue faili liko tayari.

Anayechora ramani ni yule jirani yangu wa meza tunayemwita Kimya. Umeshamwona kwenye picha, mrefu, anavaa sweta la kijivu mwaka mzima. Mwaka jana nilipolazwa hospitali wiki tatu yeye ndiye aliyenishikia kazi. Niliporudi, mwezi wa kwanza kichwa kilikuwa hakijatulia, nikasahau kupunguza. Akaona ubao hauna alama, akapunguza yeye, akaweka alama yeye, akanyamaza. Niligundua baada ya miezi, kwa bahati tu. Hakutaka niaibike. Ndivyo alivyo.

Mwezi Machi walikuja mafundi kupaka rangi chumba chetu. Wakaung'oa ubao, wakauegemeza nyuma ya kabati la mafaili, wakaondoka. Nikaomba urudishwe. Nikajazishwa fomu. Fomu ikarudi ikisema ubao haumo kwenye orodha ya vifaa vya idara, kwa hiyo hauwezi kurudishwa mahali ambapo kimaandishi haukuwahi kuwapo. Nilicheka siku ile, Spana. Nikaona hadithi nzuri ya kuwasimulia nyumbani. Nikaendelea kupunguza chumvi kila mwezi bila kuweka alama, kwa kuwa pa kuiweka hapakuwapo.

Na Kimya, kwa kutoona alama, akawa naye anapunguza kila mwezi bila kuuliza, akiamini nimesahau tena na akinisitiri.

Naamini umeshaelewa, maana mashine unazijua. Taarifa ya Aprili, ya Mei na ya Juni zote zimepunguzwa mara mbili. Ile barafu nyembamba uliyoisoma kwenye ramani zetu haipo popote isipokuwa kwenye ramani zetu.

Nimeligundua Jumatatu hii. Nilikuwa nalinganisha ramani ya Aprili na picha za setilaiti za wiki iliyopita, kuona Juni imekwendaje, na barafu ya kweli ikawa imeenea kuliko tulivyotabiri, kote, kwa kiasi kile kile. Maumbile hayakosei kwa usawa namna hiyo. Nikafungua faili langu, nikafungua la Kimya, nikayaweka bega kwa bega. Nikamwita, nikamwonyesha kwa kidole bila kusema kitu. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilijua unasahau." Nikatoka nikaenda kusimama chooni, nikafungua bomba ili nisisikike. Ningempata mtu wa kumgombeza ningepona mapema. Nimgombeze nani? Mtu aliyenihurumia?

Tulirudia hesabu mchana kutwa. Mwezi Aprili tulisema arobaini na tatu kati ya hamsini kwamba njia ya meli kufika kituoni kwenu itakuwa wazi kufikia tarehe ishirini Agosti. Hesabu sahihi ni nane kati ya hamsini. Na hizo nane zenyewe ni za kuchechemea, njia inafunguka siku tatu, nne, inajifunga.

Maana yake ni hii. Meli yenu mwaka huu haiji, au itakuja ipige honi kwa mbali na kugeuza.

Na hapa ndipo ninapojichukia. Kama ningekuwa nimekosea kwenye karatasi tu, ningeumia kama mfanyakazi, nikalala. Lakini wewe mwezi Aprili uliniandikia hivi, ninao ujumbe wako mpaka leo: "Dada, weka pembeni hizo hamsini zako. Nimechoka. Meli itafika au haitafika? Nijibu neno moja kama binadamu." Na mimi, miaka kumi na moja kazini, sijawahi kumjibu mtu neno moja, wala waziri, wala nahodha, wala mjomba na zulia lake. Siku hiyo nilikuwa nimefurahi, kichwa kimevimba, arobaini na tatu ni nyingi, na nilikuwa nimekukumbuka. Nikakujibu: itafika.

Mwezi Juni, kabla ile dhoruba haijaangusha mnara wenu, ukaniandikia kwa furaha kwamba kwa kuwa meli ina uhakika, hutapanda ndege ya Julai ingawa mkataba wako umekwisha na fundi wa kukupokea anashuka na ndege hiyo hiyo. Kwamba kwenye kiti chako umewaambia waweke ile pampu iliyokufa, kilo themanini na mbili, ipelekwe kutengenezwa irudi na meli ya Agosti, na wewe utamfundisha mgeni kazi kwa utulivu na kurudi nayo meli hiyo. Nilisoma nikatabasamu. Nikamwonyesha hata Kimya, nikamwambia huyu ndiye mdogo wangu, anaipenda mitambo kuliko watu.

Nani alikwambia uniamini kiasi hicho? Ndugu zetu wote wananidharau kwa kazi hii, wewe mmoja ndiye umechukua neno langu ukalilalia kama godoro. Nimekukasirikia tangu Jumatatu, najua si haki, lakini nimekukasirikia.

Jumanne nilikwenda kwa mkuu wa idara. Ofisi yake ina viti viwili vya wageni na kimoja kina maboksi ya karatasi siku zote, kwa hiyo wageni wawili wakija mmoja husimama. Nikasimama mimi, Kimya akakaa, sijui kwa nini. Nikaeleza. Si mtu mbaya yule. Alisikiliza, akavua miwani, akasema kosa ni kubwa na tumefanya vizuri kulileta, na litasahihishwa katika taarifa ya tarehe kumi. Nikamwambia ndege inatua huko tarehe tano, na baada ya hapo uwanja wenu unageuka tope, na ndege nyingine ni ya Machi. Tarehe kumi itawakuta mmeshaachwa. Akasema taarifa ikishatoka haiguswi mpaka zamu ya mwezi unaofuata, ni kanuni.

Nikamwuliza kanuni ya nani. Akafungua droo, akatoa karatasi, akanigeuzia nione sahihi. Ilikuwa sahihi yangu.

Nilikuwa nimeisahau kabisa. Miaka mitatu nyuma kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyekuwa akibadilisha utabiri kila asubuhi kufuatana na hali yake ya moyo, manahodha wakaanza kutucheka. Nikaandika kanuni: hakuna kugusa kitu katikati ya mwezi, hata kwa nia njema. Nikaitetea kwa nguvu. Nikapigiwa makofi. Maneno "hata kwa nia njema" ni yangu kabisa, nayatambua.

Nikaomba basi yatumwe maneno ishirini kwa ile redio ya mkuu wa kituo chenu, maana tangu mnara uanguke hakuna njia nyingine na kila ujumbe unapitia mezani kwake. Akasema redio ni ya shughuli za kituo, si ya ukoo. Nikamwambia wako watu wanane wanaongoja meli, na ukoo wangu ni mmoja tu kati yao. Akasema itaundwa kamati Jumatano ijayo. Jumatano ijayo, Spana, ni tarehe nane. Niliondoka pale nimekunja ngumi ndani ya mifuko.

Hilo ndilo la kwanza.

La pili ni Mama.

Umeuliza kwa nini barua mbili zilizopita hazikuwa na mstari wake chini. Ni kweli, tangu uondoke haikuwa imewahi kwenda barua bila mstari wa Mama, na hata zile za kompyuta alikuwa anaandika kwenye kikaratasi nami nakipiga picha. Nilikujibu kwamba kalamu iliisha wino. Nilidanganya. Nilimpa kalamu, akaishika, akaitazama, akaniuliza anamwandikia nani. Nikamwambia Spana. Akauliza Spana yuko wapi. Nikamweleza. Mpaka namaliza kueleza ameshaiweka kalamu na anapanga vijiko.

Ilianza Januari kwa mambo madogo. Funguo kwenye sukari. Kumwita jirani kwa jina la marehemu dada yake. Alipojua mwenyewe kwamba mambo hayaendi, alinishika mkono akanikataza nisikuambie. Alisema, "Mwache afanye kazi yake kwa raha. Akimaliza si atakuja?" Nikaona Agosti si mbali. Arobaini na tatu kati ya hamsini. Nikahesabu kwamba utamkuta bado yuko sawa, na hutakuwa umepoteza usingizi bure. Sasa hata hilo katazo amelisahau yeye mwenyewe, nimebaki nalo peke yangu.

Ijumaa iliyopita nilimpeleka kwa daktari. Chumba kidogo, kalenda ya kampuni ya dawa ukutani, yeye Mama amekaa ameshika mkoba mapajani kama anayengojea basi. Daktari ni mwanamke wa rika langu. Alimwuliza maswali, akamchoresha saa, akanipeleka pembeni akaanza: wengine huchukua mwaka, wengine chini ya hapo, inategemea, kuna uwezekano, huenda. Nikamwambia, "Daktari, nina mdogo wangu yuko mbali. Akirudi Agosti, Mama atamjua? Akirudi Machi, atamjua? Nijibu neno moja."

Nilijisikia nikisema. Nilikuwa nasema maneno yako.

Naye yule daktari alinitazama, na nilimwelewa vizuri kuliko mtu yeyote duniani angeweza kumwelewa, maana nilijua kinachopita kichwani mwake: namba alizonazo, wagonjwa waliokwenda kinyume cha namba, woga wa kushikwa neno. Akasema, "Agosti, ndiyo. Machi, mimi ningekuwa wewe nisingengoja." Halafu akaandika dawa, tukaondoka. Nilimshukuru mpaka akaona aibu. Hiyo ilikuwa Ijumaa, wakati bado naamini meli inakuja, na nilipanda basi la kurudi nikiwa na nafuu moyoni. Jumatatu ndiyo nikafungua yale mafaili mawili.

Sasa unaelewa kwa nini mataulo yamepigwa pasi.

Nimefanya hivi. Jana nimeandika hesabu sahihi kwenye ukurasa mmoja, ramani mbele, namba nyuma. Kimya alikuja mezani, akaisoma, akachukua kalamu, akatia sahihi yake chini ya yangu bila kuombwa, akarudi kuketi. Nakala moja nimemwekea mkuu wa idara mezani pamoja na barua ya kumwambia kwamba nimevunja kanuni yangu mwenyewe na nakala ya pili inakwenda kwa mkuu wa kituo chenu kwa mkono wa rubani. Sikutaka iwe siri ya ndugu wawili. Wale wenzako saba nao wana kwao, na kama wanabaki, basi waanze sasa kupima chakula na mafuta ya kuwafikisha Machi, si kugundua mwezi Septemba. Kitakachonipata kazini nitakiona. Huenda ni onyo. Huenda ni zaidi. Hapo ninayo haki ya kusema huenda.

Rubani ni mtu wa maneno machache. Nimempigia simu mara tatu, ya tatu akaniambia, "Dada, bahasha ya wino mwekundu kwanza, mizigo baadaye, nimesikia." Kesho asubuhi nampelekea mwenyewe mkononi, sipiti posta. Nilimwuliza pia kuhusu uzito. Kiti ni kiti, alisema, haijalishi kinakaliwa na nini.

Basi tuzungumze kuhusu pampu. Najua utaanza. Utasema umeshatoa neno lako, umeshaifunga kwa kamba, hukuzoea kurudi nyuma. Utasema mgeni hajui mitambo. Mgeni ni fundi kama wewe, atajifunza kwa kuunguza vidole kama wewe ulivyojifunza. Utasema pampu lazima itengenezwe. Ulitaka itengenezwe irudi na meli ya Agosti. Irudi na meli gani? Ikiondoka Jumapili au ikibaki, kabla ya Machi hakuna chombo cha kuirudisha, na iliyo nzima mnayo. Ishushe. Pampu haina mama.

Usijaribu pia kuniuliza namba. Zipo kwenye ile karatasi ya mkuu wa kituo, atakuonyesha. Nane kati ya hamsini zinasema ungeweza kungoja ukafika. Kama ungekuwa nahodha ningekuachia hizo ujipime mwenyewe, ndivyo kazi yangu inavyotaka. Lakini ulishaniomba jibu la neno moja nikakupa, likawa la uongo bila mimi kujua. Sasa nakupa jingine, na hili nimelihesabu mara nne, mara ya mwisho kwa mkono.

Panda.

Mama ameamka, namsikia anaburuza ndala. Ameshaingia mara mbili leo kuniuliza naandika nini. Chumba chako amekitandika, usidhani ni kwa sababu anakumbuka unakuja, anakitandika kila siku. Ukifika usimwulize "unanijua?" Watu wote wanamfanyia hivyo na anaona haya. Ingia tu, sema "Mama, nimerudi," kaa mezani, omba chai. Sauti anaishika kuliko sura.

Nisalimie mkuu wa kituo, mwambie namwomba radhi kwa maandishi na nitamwomba kwa mdomo tukionana. Msalimie mkoromaji. Wenzako wote wape pole zangu, na wale watakaobaki mpaka Machi, kama wanataka kunitukana, wewe uwaruhusu. Huku wanakusalimu Mjomba na zulia lake, Shangazi na macho yake, Kimya, ambaye amesalimu kwa kuinua mkono, na watoto wa ghorofa ya chini wanaouliza kama ni kweli huko kwenu jua halizami.

Mungu akushike mkono kwenye ngazi ya ndege, akushushe salama, na akutunzie tunayemtunza.

Nakupenda, hata ninapokukasirikia.

Wako akupendaye siku zote,
Dada yako, Bi Huenda.

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha Mama akaingia mara ya tatu. Safari hii hakuuliza naandika nini. Aliuliza, "Mstari wangu uko wapi?" Nimempa kalamu, nikasogea dirishani nisimtazame. Amechukua muda. Haya hapa chini ni mwandiko wake, sijagusa herufi hata moja:

Spana mwanangu chai iko mezani inapoa. ukitoka shule usipite kucheza njoo moja kwa moja. Mama